Mjomba Anasubiri Mkeka

*Barua za wasomaji hujibiwa na Bibi wa Chikongola, katibu mahsusi mstaafu, Mtwara.*

SWALI: Bibi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Nanyamba. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea na kunisomesha. Ni mchuuzi wa samaki pale Feri. Uchaguzi uliopita alijitoa hasa: jenereta yake iliwasha spika za mikutano, pikipiki zake mbili zilibeba vijana, na samaki walioliwa kambini sidhani kama alilipwa hata nusu. Sasa ameambiwa jina lake "limepelekwa juu", aingie bodi ya chombo kimoja cha umma. Anataka wasifu ifikapo Ijumaa, na mwenye kompyuta ni mimi. Ameniagiza niandike kwamba ana stashahada ya uongozi ya mwaka 1989. Mjomba aliishia darasa la saba. Niliposita akasema, "Andika tu, nani atakuja kuuliza?" Mama naye anasema nisimvunjie heshima kaka yake. Nifanyeje? Na kweli watu hupata bodi kwa njia hii?
— Mpwa, Nanyamba

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la mwisho. Ndiyo, hupata. Nimechapa barua na mihutasari ya vikao kwa miaka 22, kwanza kwa taipu, baadaye kwa kompyuta, na bodi tatu zimepita mbele yangu nikiwa nimekaa kwenye kona na daftari langu. Sheria hutaja nani anateua. Bodi ya Korosho, ambayo makao yake makuu yako hapa hapa Mtwara, mwenyekiti wake huteuliwa na Rais na wajumbe huteuliwa na waziri wa kilimo. Bodi za mamlaka za maji ni kazi ya waziri wa maji. Sheria haisemi jina linafikaje mezani kwa huyo mteuzi. Mengine hupendekezwa na ofisi kwa barua yenye kumbukumbu namba. Mengine nimeyaona yakitoka mfuko wa shati, kwenye karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne.

Siku hizi orodha ya walioteuliwa vijana wanaiita mkeka. Mkeka ukitoka usiku watu hawalali, wanapekua simu wakitafuta jina lao au la shemeji yao.

Usidhani nitakwambia kila aliyepewa bodi kwa fadhila ni mzigo. Tulikuwa na mjumbe msomi, shahada mbili, aliyekuwa akisaini mahudhurio, akisaini posho, na saa nne na nusu anatoka "kupokea simu". Tunamwona tena pilau likija. Na tulikuwa na mzee mmoja, kada wa siku nyingi, ambaye kila mtu alijua analipwa jasho la kampeni. Makabrasha yalikuja kwa Kiingereza naye Kiingereza hakijui. Kikao cha kwanza alinyamaza kimya. Kabla ya kikao cha pili akanijia jioni, akavua kofia, akasema, "Binti, nisomee haya taratibu." Nilimsomea mpaka taa za barabarani zikawaka. Kesho yake akanyoosha mkono: "Hili tangi tulilolilipia liko wapi? Mimi napita pale kila alfajiri, sijaliona." Meneja akanywa maji. Swali lile likakaa kwenye yatokanayo, yaani mambo yaliyobaki kutoka kikao kilichopita, vikao vinne mfululizo mpaka tangi likaonekana.

Nilimpenda mzee yule. Ndiyo maana yaliyofuata yaliniuma.

Ilikuja zabuni ya matengenezo, na mmoja wa walioomba alikuwa ndugu wa yule aliyepeleka jina la mzee juu. Bei yake ilikuwa kubwa kuliko za wenzake, hata mimi wa kuchapa niliiona. Kikaoni nikawa naangalia mkono wa mzee. Ulikuwa juu ya meza, umeshika kofia. Haukuinuka. Mwenyekiti akauliza kama kuna hoja, kimya, nami nikaandika: "Wajumbe waliridhia." Alipotoka hakuniaga, na hakuwahi kuniomba nimsomee tena.

Kwa hiyo, mwalimu, mimi darasa la saba la mjomba halinitishi. Kinachonitisha ni ile jenereta. Mjumbe wa bodi hana ofisi pale wala gari, na hundi hasaini. Kazi yake ni kukaa mbele ya menejimenti kupitisha bajeti, kuuliza fedha zilikwenda wapi, na kusema hapana inapobidi. Ukimtoa hiyo hapana, kilichobaki ni posho na chakula cha mchana. Sasa aliyeingia kwa kulipwa deni lake la samaki, hapana ataitoa wapi siku aliyemlipa akileta ombi? Deni lenyewe ni la watu wawili, ila linalipwa kwa kiti cha watu wote.

Jambo lingine ambalo naona mjomba hajaambiwa: aliyekupa anaweza kukunyang'anya, na hakupigii simu kwanza. Wewe ni kijana lakini 2018 utakuwa unaikumbuka. Wakulima wa Tandahimba na Newala waligoma kuuza korosho kwa bei za wanunuzi. Novemba ile Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mwenyekiti wa Bodi ya Korosho, akaivunja bodi yenyewe, na mawaziri wawili wakaenda na maji. Siku mbili baadaye ikatangazwa kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaingia kwenye kubeba. Siwahukumu wajumbe wale. Bei ya korosho haitoki kwenye meza moja. Ninachosema ni kwamba walilala wajumbe, wakaamka raia.

Kuhusu stashahada, hapa sitazunguka. Usiiandike. "Nani atakuja kuuliza" ndiyo maneno waliyokuwa nayo wengi kabla ya Aprili 2017, siku Rais alipokabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Niliowafahamu walikuwa wamebakiza miaka michache wastaafu. Kuna upekuzi kabla ya uteuzi, na upekuzi ukizembea, wapo mahasimu wa mjomba pale pale Feri wanaojua aliacha shule lini. Na wasifu utakuwa umetoka kwenye kompyuta yako, wewe mtumishi wa umma.

Lakini mpwa hamkatalii mjomba mbele ya watu, hasa huku kwetu. Mama asiwepo, na wale vijana wa pikipiki wasiwepo. Nenda Alhamisi jioni akishafunga meza yake, ukae naye kwenye benchi, useme, "Mjomba, nihadithie kazi zako, mimi naandika." Muulize ameuza samaki miaka mingapi, amewakopesha wangapi, nani alikuwa akishika fedha za kikundi chao cha barafu, aligombana na nani juu ya ushuru wa soko na ikaishaje. Andika hayo kama alivyoyasema. Kwenye elimu weka darasa la saba na mwaka wake. Kisha msomee kwa sauti. Nina hakika hajawahi kusikia maisha yake yakisomwa, na huenda akayaona yanatosha. Ukurasa mmoja na nusu, si mitatu.

Akishafurahi, ndipo umuulize lile gumu: siku yule bwana wa jina akileta ndugu yake mwenye zabuni, utanyoosha mkono? Usimjibie. Akikasirika, nyamaza, mnunulie kahawa.

Na kama chombo chenyewe hununua samaki kwake, hata wa sherehe moja kwa mwaka, alitamke hilo kikao cha kwanza na liandikwe kwenye muhtasari. Amwombe katibu amwonyeshe palipoandikwa.

SWALI: Bibi, nimeteuliwa kwenye bodi ya shule ya sekondari ya kata. Kijijini sasa wananiita mheshimiwa na kila siku mtu ananiomba hela. Posho ya bodi ya shule ni kiasi gani?
— Mjumbe Mpya, Mtama

JIBU: Niliyokaa mimi nilipewa soda na kipande cha mkate wa kumimina, nauli juu yangu. Wahadithie wanaokuomba. Ila kikao cha kwanza omba kuona daftari la chakula cha wanafunzi, kabla hujazoeana na mkuu wa shule mkaanza kuitana shemeji.