Pikapu Inayowaka Inapotaka

SWALI: Ndugu Fundi, nina pikapu ya petroli yenye gia za mkono, na umri wake sasa umepita miaka 25. Asubuhi inawaka bila kusumbua, lakini nikishaiendesha kwa muda mrefu na kuizima kwa dakika 10 tu, ninapogeuza ufunguo nasikia "ta!" moja, kisha kimya. Taa hazififii hata kidogo. Nikingoja nusu saa, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua, na ikisukumwa inawaka papo hapo. Nimebadilisha betri, na baadaye stata nzima. Kila mara tatizo lilitoweka kwa wiki mbili hivi, halafu likarudi. Nikiifikisha gereji inawaka vizuri, na fundi ananitazama kama mtu anayeisingizia. Nianzie wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuamini, na barua yako imekwisha kutupunguzia nusu ya kazi. Gari linalowaka papo hapo likisukumwa halina shida ya petroli, plagi wala koili, kwa hiyo asikushawishi mtu kufungua kabureta. Mlio mmoja wa "ta!" unatueleza kwamba umeme kiasi fulani unafika kwenye solenoidi, yaani kile kisilinda kidogo kilichobebwa mgongoni mwa stata. Nazo taa zisizofifia zinaonyesha kuwa mkondo mkubwa wa kuzungusha injini hautoki kabisa kwenye betri, kwa maana stata ya petroli huvuta ampea 100 na zaidi, na mzigo huo ungezifanya taa zisinzie hata betri ikiwa mpya.

Jambo lililonivutia zaidi ni zile wiki mbili za nafuu. Huwezi kubadilisha betri bila kulegeza na kukaza vichwa vya waya wake, wala kubadilisha stata bila kuchomoa waya mnene, waya mwembamba na boliti zinazoifunga kwenye injini. Naamini kilicholiponya gari kwa muda ni kule kusuguana kwa chuma na chuma wakati wa kufungua na kufunga, wala si vifaa ulivyonunua. Kasoro yako imo kwenye njia ya umeme, na inaonekana joto linapopanda.

Kwa hiyo usilipeleke gari gereji likiwa linawaka vizuri. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia volti, ndani ya gari, liendeshe hadi injini ipate joto barabara, lizime, na uache boneti limefungwa kwa dakika 10 ili joto libaki humo. Likigoma, usilisukume, kwani hiyo ndiyo nafasi uliyokuwa ukiitafuta. Weka gia huru, vuta breki ya mkono, vua pete na saa, kisha mwombe mtu ashikilie ufunguo kwenye nafasi ya kuwashia kwa sekunde chache huku wewe ukipima, mikono yako ikiwa mbali na feni na mikanda, kwa sababu injini inaweza kuamua kuwaka wakati wowote.

Anza kwenye betri yenyewe. Betri nzima iliyotulia huonyesha takriban volti 12.6; ufunguo ukishikiliwa na kipimo kikabaki juu ya 12, utakuwa umethibitisha kwamba mkondo mkubwa hautoki. Kisha gusisha ncha moja ya multimita kwenye nguzo hasi ya betri, yaani risasi yenyewe na si kibano kilichoivaa, na ncha ya pili kwenye chuma kitupu cha mwili wa stata. Ufunguo ukiwa umeshikiliwa, kipimo kisizidi nusu volti. Kikipanda hadi volti kadhaa, tatizo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kutoka kwenye chuma cha injini. Rudia hivyo hivyo kati ya nguzo chanya na boliti kubwa ya solenoidi inayopokea waya wa betri.

Tafadhali usiridhike na kipimo kilichochukuliwa wakati hakuna anayegeuza ufunguo. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utaonyesha volti 12 kamili na utawasha taa ya majaribio bila shida, lakini ukidaiwa ampea 150 unakata tamaa.

Ethi nimeitaja mapema kwa sababu iliwahi kunidhalilisha. Katika pikapu yangu nilibadilisha stata nzuri kabisa, kumbe waliofanya kazi ya giaboksi kabla yangu walikuwa wameufunga mkanda wa ethi juu ya rangi mbichi. Injini hukalia raba, kwa hiyo umeme wake hauna njia ya uhakika ya kurudi ila mkanda huo. Fungua boliti zake, kwangua mpaka chuma king'ae, na upinde mpira wa waya karibu na kichwa chake: ukisikia unakwaruza kama mchanga, au ukiona unga wa kijani ukichungulia, shaba imeoza kwa ndani.

Hata hivyo, nikilazimishwa kubashiri, nitaweka imani yangu kwenye kipimo cha mwisho, kati ya terminali ndogo ya solenoidi na mwili wa stata. Waya huo mwembamba hutoka betri, ukapita kwenye swichi ya ufunguo, soketi moja au mbili, na katika baadhi ya magari swichi ya pedali ya klachi, ndipo ufike kwenye stata. Kila kituo hicho kikichakaa hutoza ushuru wake. Ukikuta volti 10 au zaidi huku stata ikinyamaza, basi kagua solenoidi, hata kama stata uliiita mpya. Ukikuta 7 au 8, umempata mkosaji. Koili ya shaba huongeza ukinzani kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo solenoidi iliyopata joto la nyuzi 60 zaidi ya lile la asubuhi inapokea mkondo mdogo kwa karibu moja ya tano. Volti zile zile chache zilizotosha asubuhi sasa zinaisogeza nusu njia, ikagonga "ta!" bila kufunga mguso wa ndani.

Dawa yake ni kusafisha soketi, kubadilisha swichi ya ufunguo ikiwa ndiyo inayokula volti, au kufunga relei (swichi inayoamshwa kwa umeme mdogo) ya ampea 30 yenye waya mnene na fyuzi yake kutoka betri moja kwa moja. Waya wa zamani utabaki na kazi ya kuamsha relei tu, ambayo haihitaji hata nusu ampea. Ile desturi ya kuunganisha boliti za stata kwa bisibisi iache kabisa: gari likiwa kwenye gia litaruka mbele, na wewe uko mbele yake.

SWALI: Yangu ni ya dizeli. Stata inazunguka kwa nguvu, lakini asubuhi nyingine injini huchukua muda mrefu kushika, hasa nikiwa nimeegesha pua ikitazama mlimani.

JIBU: Hapo stata haina kosa. Tangi liko nyuma, na ukiegesha hivyo dizeli hurudi humo kwa sababu kuna mahali hewa inapoingia kwenye bomba linaloivuta. Usitafute matone, kwa sababu bomba la kuvuta hunyonya hewa bila kuvuja nje. Asubuhi litakapogoma, bonyeza pampu ndogo ya mkono ya kuvuta dizeli. Ikiwa laini mwanzoni kisha ikawa ngumu, na injini ikashika mara moja, badilisha mipira ya bomba hilo pamoja na klipu zake kabla hujamruhusu mtu yeyote kufungua pampu ya sindano.