Kikosi cha wachezaji 105 kinavyojazwa

SWALI: Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza safu ya mbele ya ushambuliaji katika futiboli ya Kimarekani. Kocha wa chuo kimoja, aliyemfuatilia tangu mwaka jana, sasa anasema nafasi zimekwisha, ilhali amesajili vijana 19 tu na kanuni inaruhusu wachezaji 105. Hesabu hii inafanywaje? Mzazi, Ohio.

JIBU: Ndugu mzazi, hesabu ya kocha haianzii kwenye 105, bali kwenye namba anayocheza mwanao na miaka waliyobakiza wale atakaogombea nao namba hiyo.

Hadi msimu wa 2024, vyuo vya daraja la juu vilibanwa na idadi ya ufadhili, yaani wachezaji 85, na waliojilipia ada waliongezwa juu yake, hata kikosi cha watu 120 hakikuwa jambo la ajabu. Makubaliano ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken mwezi Juni 2025, yaliondoa ukomo huo wa ufadhili, na kila chuo kilichoyakubali kikawekewa ukomo wa watu 105, wanaofadhiliwa na wanaojilipia wakihesabiwa pamoja, isipokuwa baadhi ya wachezaji wa zamani waliokingwa. Ukomo wa kusajili wapya 25 kwa mwaka nao ulisimamishwa mwaka 2022 na haukurudi.

Ofisini kwetu, ambako kazi yangu ni kupanga usajili, kuna ubao wenye sumaku ndogo, kila moja ikiwa na jina la mchezaji. Mistari ni namba za uwanjani na safu wima ni miaka iliyobaki. Safu ya mbele ya ushambuliaji ina watu watano uwanjani, nasi hupenda kuwa nao 16 hivi, kwa kuwa ndiko wanakoumia sana na kijana wa miaka 18 huhitaji muda mrefu kujenga mwili. Gawanya 16 kwa miaka mitano ambayo mchezaji anaweza kukaa chuoni na utapata kama watatu kwa kila kundi la mwaka mmoja. Kocha akishapata watatu wa umri wa mwanao, kwake nafasi zimekwisha kweli, hata kama kwa mabeki bado ana mapengo manne.

Kinachotutesa zaidi ni kalenda. Wanafunzi wa sekondari husaini mapema Desemba, lakini dirisha la uhamisho kwa mwaka 2026 lilifunguliwa Januari 2 na kufungwa Januari 16, tena likiwa moja tu, kwa maana hiyo tunasajili kabla ya kujua nani ataondoka. Tangu 2024 mchezaji anaweza kuhama mara nyingi bila kukaa nje msimu, mradi masomo yake yawe sawa. Chukua mfano wa kubuni: wachezaji 22 wanamaliza muda wao, na kocha anakisia kwamba 20 watahama. Kati ya mapengo hayo 42, vijana wa sekondari hupewa 19, na 23 huachwa kwa wanaohamia na kwa wachache wanaojilipia. Akijaza yote Desemba kisha wale 20 wasihame, itabidi akate watu kabla ya mechi ya kwanza, na kumkata kijana aliyekwisha kupanga chumba chuoni ni kazi ambayo sisi sote huikimbia.

Mimi binafsi siwapendi makocha wanaosema "nafasi zimekwisha" bila kutaja nafasi zipi. Muulize kocha huyo ni wangapi wa safu ya mwanao watabaki na miaka miwili au zaidi, na ni nafasi ngapi za safu hiyo anazowawekea wanaohama. Akijibu kwamba kijana aje kwa kujilipia, usidhani ni mlango mpana kama zamani, kwani naye huhesabiwa ndani ya 105. Na kama mwanao anaweza kusimama katikati na kumrudishia kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi, mpira kwa uhakika, mtumie kocha video inayoonyesha hilo, kwa sababu mtu anayeimudu namba hiyo pamoja na ya pembeni huziba mapengo mawili kwa sumaku moja.