Oili ya kompresa ya nyumbani: maswali yenu

Mwezi huu maswali mengi yamekuja kutoka kwa watu waliojinunulia kompresa ndogo, zile za lita 24 na lita 50 zinazochomekwa kwenye umeme wa nyumbani. Nimechagua saba, na la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu limerudiwa na wengi.

*Shikamoo fundi. Nimenunua kompresa ya lita 50 Kariakoo, ya kujazia upepo bodaboda. Muuzaji kasema niweke oili ya injini, 20W-50, eti oili ni oili. Nimeshaiweka. Ni sawa? (Msomaji wa Mbagala, Dar es Salaam)*

Marahaba. Si sawa, na usiiache humo.

Oili ya injini imetiwa dawa za kusafishia, ambazo mafundi wengi tunaziita sabuni. Kazi yake ni kuushika uchafu uelee ndani ya oili mpaka ukanaswe kwenye filta ya oili. Kwenye gari hilo ni jambo jema. Kompresa yako haina filta ya oili, na pampu ya oili pia haina. Ina kijiko kidogo tu chini ya mkono wa pistoni, kinachochota oili na kuirusha juu kila mzunguko. Uchafu ulioshikwa na sabuni hauna pa kwenda, unarushwa pamoja na oili kwenye ukuta wa silinda. Bila sabuni, uchafu ule ungetulia chini ukangoja siku ya kumwaga. Sabuni hushika pia maji yanayotokana na unyevu wa hewa, na ikichapwachapwa inafanya povu. Povu halilainishi chuma.

Halafu kuna joto. Hewa ikibanwa mpaka bar 8 kwa mkupuo mmoja, inatoka kichwani imepita nyuzi 150. Oili kidogo hupanda siku zote kupita kwenye ringi za pistoni, ikafika kwenye valvu na kuungulia hapo, na ile ya injini huacha majivu na masizi magumu. Niliwahi kufungua kichwa cha mashine iliyokaa na oili ya injini karibu mwaka mzima. Bati la valvu lilikuwa na gamba jeusi kama la chungu cha kuni, na valvu, ambazo ni vipande vyembamba vya chuma, zilikuwa hazifungi tena. Mashine ilinguruma dakika ishirini na tangi halikujaa. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa anunue pistoni mpya, na pistoni ilikuwa nzima kabisa. Iliniuma kuona hivyo.

Tafuta oili ya kompresa ya pistoni iliyoandikwa ISO VG 100. Hiyo 100 ni kipimo cha uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ikiwa kwenye nyuzi 40, na inakaribiana na SAE 30. Ukiona pia maandishi DIN 51506 VDL, nunua bila wasiwasi: ni daraja la oili za kompresa ambazo hewa yake hufika hadi nyuzi 220. Shell wanayo Corena S2 P 100, Mobil wanayo Rarus 427. Mashine nyingi za ukubwa kama wa yako hula kama robo lita, kwa hiyo lita moja utaitumia zaidi ya mara moja. Ila usichukue dumu la SAE 40 la injini za dizeli kwa sababu tu lina namba moja badala ya mbili kama 20W-50. Sabuni imo.

Hiyo uliyoiweka, imwage ikiwa bado ina joto, uiache idondoke mpaka tone la mwisho. Tia mpya, fanya kazi saa moja, mwaga tena, tia nyingine. Usisuuze kwa petroli wala mafuta ya taa hata kidogo. Mvuke wake ukikutana na hewa iliyobanwa na joto lile, mashine inaweza kulipuka.

*Fundi, mwezi wa saba asubuhi kompresa yangu inaguna tu, haizunguki mpaka jua lipande. Oili nimeweka VG 100 kama inavyotakiwa. (Msomaji wa Njombe)*

Kwa baridi ya Njombe, VG 100 alfajiri inakuwa nzito kama asali, na mota ndogo haiwezi kuisukuma. Weka VG 68 ya kompresa. Kwa hali ya hewa ya huko na kazi za nyumbani unaweza kukaa nayo mwaka mzima. Mtu wa Dar au Mombasa asikuige, kwake itakuwa nyepesi mno mchana.

Kabla ya kununua, hata hivyo, angalia mambo mawili. Waya wa kuunganishia ukiwa mrefu na mwembamba, umeme unafika umechoka na mota inaguna vilevile. Pia sikiliza mashine inapojizima: lazima itoe pumzi fupi, fyuu. Isipoitoa, hewa imebaki kwenye bomba juu ya pistoni na mota inaanza ikiwa na mzigo. Hapo tatizo ni valvu ndogo ya kupunguza presha, na oili haitakusaidia.

*Oili kwenye kioo cha kupimia oili imegeuka nyeupe kama maziwa. Nimeuziwa oili feki? (Msomaji wa Tanga)*

Huenda oili yako haina kosa. Hayo ni maji. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na ukiiwasha mashine dakika tatu kujaza tairi moja kisha ukaizima, haipati joto la kuukausha unyevu huo, basi unashuka kwenye oili. Mwaga, weka mpya, na mara moja kwa wiki iache ifanye kazi ya kweli nusu saa hivi. Fungua pia koki iliyo chini ya tangi kila jioni, maji yatoke. Tangi huoza kwa ndani, na kwa nje huoni kitu.

*Niliinunua Kirinyaga Road, Nairobi. Ina kelele sana, na sioni mahali pa kuweka oili wala kile kioo. Nimwagie wapi? (Msomaji wa Nairobi)*

Usimwagie popote. Hiyo ni kompresa isiyotumia oili. Ringi yake ni ya teflon na beringi zake zimefungwa na grisi yake. Ukipitisha oili kwenye tundu la filta utaiharibu.

*Ninapaka vanishi fanicha. Siku hizi vanishi inafanya vitundu vidogo vya duara, hata nikisugua mbao vizuri. (Msomaji wa Mwanza)*

Oili inapanda pamoja na hewa. Puliza hewa tupu kwenye kioo cha kujitazamia kwa dakika moja. Ukiona ukungu unaoteleza kidoleni, umempata adui. Sababu ya kwanza ni oili kuzidi: mashine ikae mahali tambarare, imezimwa, na oili ifike katikati ya duara jekundu la kioo, isipite. Ya pili ni filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi la mbao. Pistoni ikikosa hewa juu inavuta oili kutoka chini, na kwenye karakana ya seremala hilo ndilo ninaloanza kulishuku. Hivyo viwili vikiwa sawa, ringi zimekwisha. Kwa kazi ya vanishi funga pia filta ya kutenga maji na oili, mbali kidogo na mashine ili hewa iwe imepoa.

*Tunazamia majongoo ya baharini kwa kompresa. Tukiweka mafuta ya kula badala ya oili, hewa itakuwa salama? (Msomaji wa Kilwa)*

Ndugu yangu, hapana, na nakuomba uache kuvuta hewa ya mashine hiyo leo. Mafuta ya kula yanaganda kama gundi kwenye valvu na kuungua haraka. Oili yoyote ikiungua kichwani inaweza kutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na ukungu wa mafuta ukiingia mapafuni unayaumiza. Mashine ikiendeshwa na injini ya petroli, moshi wake nao unavutwa. Kompresa za wapiga mbizi ni mashine nyingine kabisa, zina oili yake na mfululizo wa filta. Hakuna oili ninayoweza kukutajia ya kuifanya hii iwe kama ile.

*Nibadilishe oili baada ya muda gani? (Msomaji wa Morogoro)*

Mashine mpya, mara ya kwanza ni baada ya saa 50 za kazi au chini ya hapo, kwa sababu vyuma vipya humeguka vichembe. Baadaye ni kila saa 300 hadi 500, au mara moja kwa mwaka hata kama umeitumia kidogo. Kitabu cha mashine kikitaja muda mfupi zaidi, fuata kitabu. Oili chakavu usiimwage mtaroni: iweke kwenye dumu, upeleke gereji wanakokusanya ya magari.