Nyuma ya msimbazi iwekwe Kilwa

Mmeuliza wiki hii: msomaji akipewa noti moja ya Tanzania aibadilishe picha, ataanza na ipi na ataweka nini? Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Lindi mjini, noti ndizo ninazoshinda nazo. Naanza na elfu kumi, ile tunayoiita msimbazi, upande wa nyuma.

Nyingine naziacha. Elfu moja ina Mwalimu Nyerere na Ikulu, nani aguse? Elfu mbili ina simba na Ngome Kongwe ya Unguja, elfu tano ina faru na mgodi wa dhahabu wa Geita. Sasa geuza msimbazi, noti kubwa kuliko zote: unakutana na jengo la Benki Kuu. Yaani benki imejipiga picha ikajibandika kwenye noti yake!

Hapo ningeweka Kilwa Kisiwani. Si kwa sababu ni mkoani kwetu (haya, kidogo ni hivyo). Masultani wa Kilwa walifua sarafu zao za shaba karne nyingi kabla Benki Kuu haijafungua milango mwaka 1966. Na zina ufundi wake. Hazina picha wala mwaka. Upande mmoja kuna jina la sultani, tuseme Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yanapatana vina. Ukiigeuza sarafu unamalizia ubeti! Tano kati ya hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa Australia, na wataalamu bado wanabishana zilifikaje huko.

Mteja wangu mmoja wa Newala anashikilia kwamba kusini ikipata nafasi, uchorwe mkorosho. Mwingine anasema mambo ya sarafu yaende kwenye sarafu, ile ya mia tano. Hapana. Kuba na matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa kwenye kisarafu yataonekana mikwaruzo tu, yanataka noti.

Tembo wa upande wa mbele abaki. Ingawa ndugu zetu wa Liwale, wanaokesha mashambani kuwafukuza wenzake, wakisoma hapa watasema angeanza kuondolewa yeye.