Kazi ya Daktari Anayechunguza Vifo

SWALI: Daktari, salaam aleikum. Binti yangu amehitimu udaktari na sasa anataka kubobea katika uchunguzi wa vifo vyenye utata. Jamaa zetu wanashangaa kwamba ataacha kuwatibu walio hai akapasue maiti. Kazi hiyo hasa ni ipi? Na kwa nini familia za waliokufa Shakahola, msitu ambako waumini walihimizwa na mhubiri wao kufunga hadi kufa, zilingoja karibu mwaka mzima kupewa miili ya ndugu zao? (Mama, Kilifi)

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Kupasua ni sehemu tu ya kazi hiyo. Kabla hajashika kisu, daktari huyo, yaani mwanapatholojia, husoma maelezo ya polisi, huuliza marehemu aliugua nini, na ikiwezekana hufika mwenyewe mahali mwili ulipopatikana. Kisha huukagua mwili kwa nje ungali na nguo zake, kwa kuwa tundu la shati lisipolingana na jeraha lililo chini yake, huenda marehemu alikuwa ameinua mkono alipochomwa. Hapo ndipo hufungua kichwa, kifua na tumbo, na sumu ikishukiwa huchukua damu, mkojo na kipande cha ini vipelekwe kwa Mkemia wa Serikali.

Ugumu uko katika kuamua. Maiti iliyoopolewa baharini si lazima iwe ya mtu aliyekufa maji. Huenda moyo ulisimama ghafla, au alitupwa akiwa ameshakufa. Hata ikithibitika kwamba alizama, mwili peke yake mara nyingi hausemi kama aliteleza au alisukumwa. Vilevile watu hutarajia atajiwe saa kamili ya kifo, ilhali kupoa kwa mwili hutegemea hewa iliyouzunguka, na huku kwetu Pwani, ambako joto hukaribia nyuzi 30, mwili hupoa polepole na kuoza mapema. Daktari mwaminifu hutaja kipindi, hataji dakika, na nalisisitiza hili kwa sababu kisio lake laweza kumfunga mtu asiye na hatia.

Kuhusu Shakahola, ufukuaji ulianza Aprili 2023, na upasuaji ukafanyika Malindi ukiongozwa na mwanapatholojia mkuu wa serikali, Dkt. Johansen Oduor. Miili iliyofukuliwa ilipita 400. Mingi ilikuwa na dalili za njaa, lakini mingine ilionyesha kwamba wenyewe walinyongwa, walizibwa pumzi au walipigwa kichwani. Kama isingechunguzwa mmoja mmoja, wote wangehesabiwa kuwa walikufa kwa kufunga, na waliouawa kwa mikono ya watu wangezikwa pamoja na ushahidi wao. Kuchelewa kulitokana zaidi na utambuzi: miili ilikuwa imeoza hata nyuso hazitambuliki, ikabidi vinasaba (DNA) vilinganishwe na vya jamaa walio hai, na ziko nyumba ambazo wazazi na watoto waliangamia pamoja. Miili ya kwanza ilikabidhiwa Machi 2024. Najua uchungu wa kungoja kiasi hicho, lakini kuipa familia maiti isiyo yao ni dhuluma kwa familia mbili.

Waambie jamaa zako pia kwamba kazi hii huwafaa walio hai. Vifo vingi vinavyofika mezani ni vya ajali za barabarani na maradhi ya ghafla, wala si mauaji. Na baba akigunduliwa alikufa kwa ugonjwa wa moyo wa kurithi, wanawe huweza kupimwa mapema.

Binti yako ajiandae kuandika sana, kwani ripoti ya leo huenda akaitetea mahakamani miaka kadhaa baadaye, mbele ya wakili anayepekua kila neno. Baada ya mafunzo ya kazini, shahada ya uzamili ya patholojia huchukua takribani miaka minne, kisha hufuata mafunzo ya kitengo hiki chenyewe. Kabla ya kuomba nafasi, aombe ruhusa ya kushinda mochari kwa wiki kadhaa pamoja na mtaalamu, na asikose kumsikiliza anavyozungumza na wafiwa, kwa maana jambo hilo halifundishwi vya kutosha darasani.