Hasidi wako ana sababu gani?

Msomaji mmoja wa Wete, Pemba, ametuma sura tatu za riwaya yake ya maisha ya skuli, anauliza kwa nini kila anayemsomea husema haimwingii. Wavulana wawili wa kidato cha nne, dahalia moja, vitanda vimepakana. Ukurasa wa pili tu, mmoja ameshakunja uso kwa kijicho, na mwenzake ni malaika asiyepiga chafya bila ya kuomba radhi. Hapo ndipo ilipoharibika.

"Hasidi hana sababu" ni maneno ya kanga. Kanga yanaipendeza, riwaya yanaiua. Msomaji anataka sababu, tena ndogo, inayopimika, ambayo yeye mwenyewe ingemkosesha usingizi akiwa na miaka 16. Kijana wa skuli hamwonei kijicho mtoto wa waziri. Anamwonea aliyekaa naye dawati moja, wa kijiji chake, ambaye mwaka jana alikuwa akimshinda.

Mtihani unakupa kipimo tayari. Kidato cha nne huhesabiwa masomo saba bora: A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5, na mwenye pointi chache ndiye aliye juu. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili linaanzia 18. Basi mpe mmoja B nne na C tatu: 17. Mpe mwenziwe B tatu na C nne: 18. Wamepishana herufi moja katika somo moja, lakini nyumbani mmoja anapikiwa biriani na mwengine anaambiwa "si haba". Ukimpa mmoja 8 na mwengine 30, hapo hapana kijicho, pana huruma tu. Ila angalia: matokeo ya Taifa hutoka watoto wameshaondoka dahalia. Yaweke mwisho kabisa, au tumia mtihani wa majaribio, orodha ibandikwe ubaoni na wote wawili waisome wamesimama bega kwa bega.

Kabla ya hapo jenga urafiki, na usiujenge kwa kusema "walipendana kama ndugu". Jenga kwa vitu wanavyotumia pamoja: ndoo ya maji, kipande cha sabuni, sukari iliyofichwa sandukuni, karatasi za mitihani iliyopita. Andika nani huleta na nani hutumia zaidi, maana kila kitu hapo kitakuja kuwa silaha. Likizo ikiangukia msimu wa karafuu, wapeleke shamba pamoja. Uchumaji hulipwa kwa hesabu ya pishi mtu alizochuma, kwa hivyo huko nako kuna hesabu, na anayeshindwa darasani anaweza kumpita mwenziwe. Mwenye kijicho lazima awe bora kwa jambo fulani, na liwe jambo ambalo hakuna anayelisifu. Lakini usimwangushe mtu kwenye mkarafuu. Ajali humfanyia mwandishi kazi aliyopaswa kuifanya mwenyewe.

Ubaya wenyewe uwe mdogo, wa kukanika. Mwalimu wa michezo, tuseme, amerudisha majaribio ya timu kutoka saa kumi hadi saa tisa, akamwagiza mmoja amwambie mwenzake. Hakumwambia. Hakuiba, hakusema uongo, alinyamaza tu. Jioni:

"Mbona hukunambia?"

"Nilisahau, wallahi."

"Haya basi. Twende tukale."

Uzito wote umo kwenye hiyo "wallahi". Mmoja amekosa timu, lakini mwenziwe amebeba kiapo cha uongo, na mvulana aliyeingia chuo cha Kurani tangu mdogo anajua alichokifanya. Usimfafanulie msomaji. Wala aliyekosewa usimpe hasira. Asamehe upesi, aendelee na wali wake, kwa kuwa msamaha huo ndio utakaomchoma yule mwengine: sasa anamwonea kijicho hadi kwa wema wake.

Kwa riwaya ya Pemba, kishawishi cha kuingiza mganga ni kikubwa. Wahusika na waamini wanavyoamini, bibi aseme mtoto kapatwa na husuda, azinguliwe kwa kisomo. Ila tukio lenyewe lisitokane na hayo, maana msomaji atamlaumu jini na kijana ataponyoka.

Anayesimulia akiwa ndiye mwenye kijicho, neno lenyewe asilitamke kabla ya nusu ya kitabu. Ahesabu tu: rafiki yangu kaitwa mbele mara ngapi, nani kacheka kwa mzaha wake, nani hakucheka kwa mzaha wangu. Akifika kusema "mimi sijali", msomaji ameshajua. Vijana wanaoandika wana pupa ya kumfunga mtu kwa hukumu kabla hajafanya kosa. Tulieni.

Sura zako, ndugu yangu wa Wete, zinaokoleka. Futa uso uliokunjwa. Yule malaika mpe kasoro mbili zinazoudhi kweli: akope asirudishe, na atangaze alama zake bila ya kuulizwa. Ile habari ya ndoo uliyoimaliza kwa aya moja ifanye sura ya kwanza. Halafu fungua kalenda. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na wewe umewafuturisha watu mwezi wa Januari 2015. Mwaka ule ilikuwa Juni na Julai, na waliofunga wapo, watakushika.