Ukienda Jozani, ndizi kula mwenyewe

Kwa miaka mingi Jozani, msitu wa kima hapa Unguja, niliijua ya dirishani tu. Tukienda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi, daladala hupunguza mwendo kwenye matuta ya pale, mtu hupiga kelele "kima hao!", shingo zikageuka, na safari ikaendelea. Msitu wenyewe tuliuona ni mambo ya wageni.

Siku niliyoamua kuingia, na watoto wawili wa dada yangu, nilikosea karibu kila kitu. Tulifika saa sita na nusu, jua la utosi, kima wamejilaza juu ya matawi mikia inaning'inia. Miguuni nina kandambili. Mkobani, chane nzima ya ndizi mbivu.

Mtembezaji aliitazama ile chane akacheka. "Dada, hizo kuleni wenyewe." Kumbe kima punju, hao wekundu wa Jozani, si mla ndizi kama tunavyodhani. Tumbo lake lina vyumba, na majani anayokula huchachia humo kwanza ndipo yasagike. Matunda huyataka mabichi. Mabivu yenye sukari humvuruga. Majani ya mwembe na ya mti wa mkungu anayapenda, lakini yana sumu ndani yake, basi hutafuta mkaa akautafuna. Mwanetu mdogo hakuamini mpaka alipomwona mmoja karibu na shamba la watu, kashika kipande cheusi mkononi kama mtu na kashata yake.

Wazee ndio waliomwita punju, yaani sumu. Walisema mti anaoula hufa. Wakulima nao walimlalamikia kwa kula vidaka, zile nazi changa kabisa. Watafiti walipohesabu, waliona minazi anayoila vidaka haipungui mazao. Huenda kupunguza vile vichanga kunaifaa. Hata hivyo mimi siwezi kumwambia hivyo mtu mwenye minazi mitano tu. Afadhali sehemu ya viingilio hurudi vijijini.

Sasa nafika saa mbili asubuhi, au baada ya saa tisa alasiri, wakati wanakula na kurukaruka. Navaa viatu vya kufunika, kwa sababu ya siafu (wale wa masika walinifunza adabu mara ya pili), na nguo ndefu kwa ajili ya mbu. Beba kitambulisho cha Mzanzibari, bei ya mwenyeji si ya mgeni.

Ukishawaona, simama. Usiwafuate. Mara nyingi wenyewe husogea wakichuma majani, na hapo ndipo utawaona mikono: vidole virefu vinne, gumba hamna. Ukiwa na mafua ahirisha safari, maana maradhi yetu huwapata wao pia. Na kama kuna mtu anakuahidi kima atakukalia begani upige picha, mpe salamu na upite. Huyu mnyama kwa asili hapatikani popote duniani ila Unguja. Wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba, mwaka 1974. Hesabu iliyotolewa 2019 ilipata zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini kisiwa ni hiki hiki na nyumba zinaongezeka.

Usirudi Mjini bila kupita kwenye njia ya mbao ya mikoko, upande wa kijiji cha Pete. Uliza maji kwanza. Yakipwa utaona kaa na mizizi iliyojikunja kama miguu ya pweza. Yakijaa, samaki wadogo hupita chini yako. Watoto wangu walikaa pale muda mrefu kuliko kwa kima, na mimi nilipata mahali pa kula zile ndizi, mbali na msitu.

Jambo la mwisho ni gari. Safari moja tulikodi, na dereva alikuwa na haraka zake, akayapita matuta kama hayapo. Kima wakaanza kuvuka kundi zima. Alishika breki, tukatupwa mbele, na yule wa mwisho, mama kakumbatia mwanawe, mkia wake ulipita kiasi cha kiganja kutoka kwenye bampa. Hakuna aliyesema kitu mpaka Tunguu. Siku hizi naafikiana na dereva kabla hatujawasha gari: tukikaribia Pete, taratibu, hata kama nyuma wanapiga honi.